Begi la Bi Ukoko

Kwa miaka ishirini na tisa Bi Ukoko aliwapikia wanafunzi mia nne wa shule ya bweni, asubuhi uji, mchana na jioni chochote ambacho bohari ilimpa, na katika miaka yote hiyo chakula hakikuchelewa hata siku moja. Mwanafunzi aliyechelewa ndiye aliyekula ukoko wa chini ya sufuria, awe mtoto wa nani, na jina lilitokea hapo. Siku alipostaafu, walimu walimpa cheti kilichokosea tarehe zake zote pamoja na mwiko wake mwenyewe, ule mrefu wa kumfika kifuani, ambao ulikuwa wake hata kabla hawajampa. Cheti hajui kiko wapi. Mwiko anao.

Mtu akikuambia kukoroga si kazi, mpe mwiko ule na sufuria la lita mia mbili, kisha vuta kiti ukae umwangalie. Bega la kulia la Bi Ukoko lilianza kunung'unika akiwa bado kazini, na mwaka mmoja baada ya kustaafu likagoma kabisa. Mkono haukupanda kupita kifua. Kuchana nywele ikawa kazi ya nusu saa, na nguo alizianika juu ya kiti kwa sababu kamba haikufikika. Daktari alimpima, akaandika andika kwenye kadi yake, akamwambia kwa upole kwamba kwa umri wake ni bora azoee. Azoee nini? Bi Ukoko aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Ila katika zahanati hiyohiyo, chumba cha mwisho, alikuwepo mtaalamu wa viungo, msichana mwembamba mwenye vidole vigumu kama koleo, naye hakuwa na habari ya kuzoea. Alimwonyesha mazoezi ya kufanya kwa fimbo. Nyumbani Bi Ukoko hakuwa na fimbo, alikuwa na mwiko. Kila asubuhi alitoka uani, akaushika kwa mikono miwili, mkono mzima ukiuvuta ule mgonjwa, huku akihesabu kwa sauti, maana akihesabu kimoyomoyo alikuwa anajipunja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na shughuli nyingine. Ilimchukua mwaka na miezi minne. Siku mkono ulipofika juu kabisa, alianika shuka zote za nyumbani, na zilizokuwa safi pia.

Kuanzia hapo akawa fundi wa mwili wake. Vidole vilivyokakamaa alivizamisha kwenye bakuli la maharage makavu, akavichezesha humo kama anayetafuta pete. Mapafu yaliyokula moshi wa kuni aliyafanyisha kazi kwa kupuliza mabaluni, kumi kila siku. Nyayo alizibiringisha juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa, na mgongo aliusugulia ukutani kwa mipira miwili midogo aliyoifunga ndani ya soksi. Yote hayo hakumwambia mtu. Wanawe wakipiga simu kuuliza hali, alijibu "nzuri", kama alivyojibu wakati bega limekufa, na hapo, tuseme ukweli, na yeye ana lawama yake.

Sasa mwaka huu wanawe wakaamua familia nzima iende likizo, wiki moja, kwenye nyumba ya kupanga kando ya ziwa. Wanawe ni wawili. Mkubwa ni binti, mfamasia, mwanamke wa miaka arobaini na tano anayeongea na kila mtu kama anampa dawa: mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Wa pili ni kitindamimba, mpima ardhi, ambaye amepima viwanja vya mji mzima na kwake hana hata tuta la mchicha. Bi Ukoko hakuwahi kwenda likizo maishani mwake. Likizo za shule kwake zilikuwa ni kusugua masufuria. Alifurahi mpaka akanunua kofia.

Jioni ya kuamkia safari, binti alifika na mumewe na mtoto wao wa miaka sita ili walale hapo, waondoke mapema. Aliyakuta mabegi mawili sebuleni. Moja lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa limevimba, na mwiko umetokeza nje kama shingo ya bata.

"Mama, hiki nini?"

"Mwiko."

"Naona ni mwiko. Kwani tunaenda kupika harusi?"

"Tunaenda kupumzika. Huo ni wa bega."

Binti alimtupia mumewe jicho, akaanza kutoa vitu. Akatoa maharage kilo mbili. "Ya vidole," mama akasema, akayarudisha. Akatoa mabaluni. "Ya mapafu." Akatoa soksi yenye mipira. "Ya mgongo, na ukiendelea kuniparamia hivyo, itakuwa ya kichwa chako." Binti hakucheka. Alikuwa anatazama vile vitu kama polisi anayetazama vidhibiti vya wizi.

Mjukuu ndiye aliyelipua bomu. Alikuwa amekaa juu ya begi la nguo, anachezea zipu. "Bibi, usibebe vitu vingi," akasema. "Chumba chako kwetu ni kidogo. Baba amekipaka rangi ya maziwa."

Mkwe akakumbuka kwamba hajakagua tairi za gari, akatoka. Binti akasema watoto wana maneno mengi, akaenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Bi Ukoko alibaki ameshika begi lake. Hakuwa mjinga. Alielewa kwamba kesi yake imeshasikilizwa na hukumu imeshapita, ila mshtakiwa hakuitwa. Walitaka kumtoa nyumbani kwake, penye ua wake na kamba yake na ufunguo wake, wakamweke kwenye chumba cha rangi ya maziwa aulizwe kila saa kama amekula. Angeweza kusema palepale kwamba haendi. Lakini akasema moyoni: nitakwenda, na nitarudi hapa kwa miguu yangu, tutaona nani atanizuia. Akafunga zipu mpaka pale iliposhindwa na mwiko.

Alfajiri kitindamimba alifika, akapakia mizigo yeye mwenyewe kwenye gari la shemeji yake. "Panda tu, mama, kila kitu kiko tayari." Mkwe aliendesha saa tisa nzima, na alipofika alishuka amepinda kama herufi S. Nyumba ilikuwa nzuri, ina baraza pana na ziwa limelala mbele yake. Mizigo ikateremshwa. Likaja begi la nguo la Bi Ukoko. La pili halikuja.

"Liko wapi?"

Kitindamimba alijikuna shingo. "Mama, nililiacha nyuma ya mlango. Lingejaza gari. Na hata hivyo, wewe pumzika tu. Ukitaka chochote tutakununulia."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na cha Bi Ukoko kilikuwa kimesimama mbele yake kimevaa kaptura ya likizo. Hakumtukana. Alimtazama tu kijana aliyemnyonyesha miaka miwili, mpaka yeye mwenyewe akageuka kwenda kutafuta mahali pa kuweka kreti za soda. Jioni ile kila mtu alisifu upepo. Bi Ukoko alikula, akaosha sahani yake, akalala.

Asubuhi alipotaka kuchana nywele, mkono ulikwama sikioni.

Ndiyo, uliruka mazoezi siku moja tu, lakini ulikuwa umekaa garini saa tisa, ukabanwa kati ya mlango na kiti cha mtoto. Alijaribu tena, maumivu yakamchoma mpaka kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya yule daktari, Bi Ukoko aliogopa. Aliiona wiki nzima mbele yake: kesho mkono utakwama shavuni, keshokutwa begani, na siku ya kuondoka binti ndiye atakayemvisha gauni, huku anamwambia mumewe kwa macho, si nilikuambia? Wangemfanya mgonjwa kwa kumnyang'anya dawa, kisha wangemhurumia. Alikaa kitandani na chanuo mkononi, akajitukana kidogo, maana alidhani nguvu zake ziko kwenye begi.

Kisha akainuka, akaenda jikoni. Mwanamke aliyeendesha jiko la watu mia nne kwa miaka ishirini na tisa hashindwi na jiko la nyumba ya kupanga, hata likiwa na vijiko vya kulishia ndege. Mwiko haukuwepo. Nyuma ya mlango palikuwa na ufagio wa mpini mrefu. Aliukanyaga kichwa, akauzungusha, mpini ukatoka. Maharage makavu aliyakuta kwenye vyakula walivyokuja navyo, akayamimina yote kwenye beseni. Soksi aliichukua kwa mkwe, moja tu, na mipira kwa mjukuu, kwa ruhusa yake. Mabaluni hayakupatikana, basi akajaza chupa maji nusu, akatia mrija wa soda, akawa anapuliza taratibu mapovu yapande. Chupa nyingine aliijaza akaitia kwenye friza. Kwa sababu ya hasira aliijaza mpaka mdomoni, jambo ambalo mpishi yeyote anajua halifanywi, ikapasuka baadaye na kulowesha nyama yote ya kitindamimba. Hakuomba radhi.

Alichukua vitu vyake akavipanga barazani, mbele kabisa, pale ambapo majirani wa kushoto na kulia walikuwa wanakunywa chai. Akashika mpini. "Moja!" akasema kwa sauti ya kuita foleni ya chakula.

Binti alitoka na kanga mabegani. "Mama, jamani, watu wanaangalia."

"Waangalie. Mbili!"

"Sasa mpini wa ufagio, mama?"

"Ungeniletea mwiko wangu ungeona haya? Tatu!"

Siku ya kwanza mkono ulifika usawa wa jicho. Jioni alirudia, ukafika paji la uso. Siku ya pili mjukuu alijiunga kwenye mapovu na wakashindana nani atapuliza bila kukata pumzi. Bibi alishinda mara mbili na hakumwachia mtoto hata moja. Siku ya pili hiyohiyo mkwe, ambaye bado alikuwa anatembea kwa kushika samani, alijisogeza barazani akitazama ziwa kama mtu aliyepita tu.

"Mama, samahani. Hiyo soksi yangu... inasaidia kweli?"

"Iweke ukutani, baba. Egemea hapo, si kwenye uti wa mgongo, pembeni. Sasa kunja magoti taratibu."

Mkwe alikunja magoti, na akatoa sauti ambayo mkwe hapaswi kuitoa mbele ya mama mkwe. Wote wawili walijifanya hawakusikia. Baada ya dakika kumi aliinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu wafike, akaenda kumwonyesha mkewe. Mkewe alimwambia asimtie mama moyo.

Siku ya tatu asubuhi walimjia rasmi. Kitindamimba alileta kiti.

"Mama, kaa kidogo tuongee."

"Ongea tu. Nasikia kwa masikio, si kwa makalio."

Alikohoa, akamtazama dada yake. Binti ndiye aliyesema. "Mama, tumefikiria sana. Kukaa peke yako sasa basi. Tukitoka hapa unakuja kwetu moja kwa moja. Nimeshaomba na ruhusa kazini, wiki tatu, nikuuguze mpaka uzoee."

Lile neno tena. Bi Ukoko aliusimamisha mpini chini. "Uniuguze ugonjwa gani?"

Mkwe alianza kuchunguza ukuta. Hatimaye kitindamimba akaropoka: jirani wa nyumba ya pili alikuwa amewapigia simu. Alisema mama yenu ameanza. Kila asubuhi yuko uani anapigana na hewa kwa mwiko, anahesabu peke yake, halafu anapuliza mabaluni na hakuna sikukuu.

Bi Ukoko alicheka. Alicheka kweli, kwa sababu alimwona akilini yule jirani juu ya uzio, shingo imenyooka. Halafu akatazama nyuso za wanawe, kicheko kikakauka. Walikuwa wameamini. Watoto wake wa tumboni walikaa meza moja wakakubaliana kwamba mama amerukwa na akili, kisha wakaenda kuchagua rangi.

"Jirani alipiga simu, mkamsikiliza," akasema. "Daktari aliandika kwenye kadi, mkaisoma. Mimi niko hai, mdomo ninao, simu ninayo. Nani aliniuliza mimi mwiko ni wa nini? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumwachia begi lake nyuma ya mlango mtu asiyekukosea kitu."

"Tulikuuliza!" Binti alipaza sauti, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Kila nikipiga simu nauliza, mama, hujambo, unaendeleaje? Unasema nzuri. Mkono ulipokufa ulisema nzuri. Nilikuja nikakukuta unaanika nguo juu ya kiti ndipo nikajua. Sasa nitajuaje nzuri ipi ni ya kweli?"

Hilo lilimpata. Hana tabia ya kukwepa pigo la haki.

"Hapo umenishinda," akasema. "Basi leo sisemi nzuri wala mbaya. Tazama mwenyewe."

Alishika mpini kwa mikono miwili, akauinua. Ukapita kifua, ukapita jicho, ukapita paji la uso. Kwenye utosi ulitetemeka, akauma meno, ukapita. Mikono yote miwili ikanyooka juu, viwiko vimefungwa, na mpini ukakaa angani umelala sawa. Kisha akaushusha nyuma ya kisogo, akaurudisha. Kitindamimba alikuwa ameacha mdomo wazi. Hajawahi kupima kitu akakosea kiasi hicho.

"Huo ndio mkono mliousoma kwenye kadi," akasema Bi Ukoko. "Haya, zamu yenu. Inueni mikono."

"Mama, tuache utoto."

"Inueni. Kama mnanihamisha kwa kuwa sijiwezi, nataka kuona wanaojiweza."

Kitindamimba aliinua yake, akafika juu huku magoti yanalia. Mkwe akainua. Binti aliinua wa kushoto, ukapanda vizuri. Wa kulia aliuinua mpaka begani, akajifanya anaweka kanga sawa.

Bi Ukoko aliuona uso. Wengine waliona kanga. Yeye aliona namna mdomo ulivyobanwa na macho yalivyohama upande mmoja kungoja maumivu yapite. Aliujua uso ule kwa sababu aliuvaa yeye mwenyewe mwaka mzima.

"Tangu lini?"

"Si kitu, mama. Nililalia vibaya."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Miezi minane, mama," akasema mkwe. Mkewe alimgeukia kama mtu aliyepigwa na kiti chake mwenyewe, lakini mkwe alikuwa ameshaanza na hakurudi nyuma. "Mimi ndiye ninayemfunga zipu. Dawa za rafu ya juu anashushiwa na watu. Anameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, na nikimuuliza anasema nzuri."

Hasira ya Bi Ukoko haikwisha, ila ilipoteza mahali pa kusimama. Alimtazama mtoto wake wa kwanza, mwanamke wa kuwagawia watu afya dirishani, anayetaka kumbeba mama yake kwa mkono usiofika sikioni. Akaona uchungu, na akaona aibu pia, maana lile jibu la "nzuri" binti hakulinunua dukani.

"Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Mimi nilijikunja nimeshakauka, na unajua machozi yake? Hujui, kwa kuwa sikukuambia. Wewe bado mbichi. Jumapili mimi narudi kwangu. Na wewe unakuja kwangu. Jumatatu nakupeleka kwa yule msichana wa chumba cha mwisho, na kila asubuhi uko na mimi uani."

Binti alijifuta kwa kiganja cha kushoto. "Mama, nina kazi. Kazini nitawaambia nini?"

"Si umeshawaambia? Ruhusa unayo, ya wiki tatu, ya kukaa na mama yako. Njoo ukae naye."

Kitindamimba alicheka, akaona amecheka peke yake, akanyamaza. Mkwe alichukua kile kiti akakirudisha ndani, kwani kilikuwa hakina mtu wa kukikalia. Bi Ukoko aliuweka mpini kwenye mikono ya bintiye, akamfunga vidole mwenyewe, kimoja kimoja, akasimama nyuma yake.

"Wa kushoto uuvute wa kulia. Hesabu kwa sauti, usinipunje. Moja."

"Moja," binti akasema, na mpini ukapanda mpaka puani, ukakwama. Alitoa sauti ndogo. Kwenye mabaraza ya kushoto na kulia watu walikuwa wameacha chai zao wanatazama.

Bi Ukoko hakusema pole. Alisema, "Mbili."